Kusoma Alama za Fedha ya Marekani: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi, Mrithi na Sonara

Miaka yangu ya mwanzo Massachusetts nilinunua uma 6 kwenye mauzo ya vyombo vya marehemu. Mgongoni mwa kila uma paligongwa "1847 ROGERS BROS." Muuzaji akaniambia fedha hii ina umri wa zaidi ya miaka 150, nami nikalipa dola 90. Sonara niliyempelekea hakuzipima wala hakuzitia tindikali. Alinielekeza nitazame tumbo la uma, pale panapokaa juu ya meza kila siku. Weupe ulikuwa umelika, na chini yake palionekana madini mengine yenye umanjano wa kijivu. Zilikuwa uma za kuchovya. Na ule 1847 ni sehemu ya jina la biashara: ni mwaka ambao ndugu wa ukoo wa Rogers, kule Hartford, Connecticut, walianza kuuza vijiko vilivyochovywa fedha kwa umeme. Jina hilo liliendelea kugongwa kwenye vyombo miongo mingi baadaye, mpaka karne ya 20.

Ningepaswa kushtuka mapema, maana sisi watu wa Pwani tuna mfano wetu. Reale ya Maria Theresa, ambayo masonara wa Lamu, Unguja na Oman waliiyeyusha vizazi na vizazi kufua bangili na vidani, ina mwaka 1780 uliochorwa juu yake. Huo ndio mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, na sarafu iliendelea kupigwa na mwaka uleule kwa zaidi ya karne moja. Tarakimu iliyogongwa kwenye fedha ina maana, lakini maana hiyo lazima uijue.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya ndugu zetu walioko Marekani wanaokutana na fedha kwenye minada na maduka ya mitumba, kwa waliopelekewa zawadi kutoka huko, na kwa masonara wa nyumbani wanaoletewa kipande chenye maandishi wasiyoyazoea.

Kabla ya yote: nani aligonga alama hii?

Uingereza chombo cha fedha hupelekwa kwenye ofisi ya upimaji. Kikifaulu, kijadi hugongwa simba anayetembea, alama ya mji na herufi ya mwaka. Anayezungumza pale ni mpimaji asiye na faida katika mauzo. Marekani haikuwahi kuwa na mfumo wa namna hiyo kwa nchi nzima. Mji wa Baltimore peke yake, katika jimbo la Maryland, ndio uliokuwa na ofisi rasmi ya upimaji, kuanzia 1814 hadi 1830. Kwingine kote aliyegonga alama ni fundi mwenyewe, au kiwanda, au hata duka lililouza.

Kwa hiyo alama ya Marekani ni kauli ya fundi. Wengi walikuwa waaminifu kabisa, na fedha yao ukiipima leo inatoka kama walivyosema. Lakini kauli huulizwa maswali, na ndiyo maana hatua zinazofuata zinakwenda pande mbili: kusoma kilichoandikwa, kisha kukilinganisha na kitu chenyewe kilicho mkononi.

Hatua ya 1: Itafute alama bila kuijeruhi

Vifaa ni vichache: lenzi ya sonara inayokuza mara 10, tochi ndogo, mizani ya gramu inayosoma hadi desimali moja, sumaku yenye nguvu, uzi, kitambaa laini cha pamba na daftari.

Usianze kwa kung'arisha. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona alama za mafundi wa karne ya 18 zilizosuguliwa mpaka zimebaki kama kivuli. Kila ukisugua kwa dawa ya kung'arishia, unaondoa fedha kidogo, na kingo za herufi ndizo zinazokwisha kwanza. Weusi uliokaa ndani ya chapa ni rafiki yako, unazitofautisha herufi na uwanja wake. Futa vumbi tu.

Kwenye kijiko na uma, tazama mgongo wa mpini. Kwenye birika na bakuli, tazama chini ya kitako, na kwenye vyombo vya zamani sana tazama pia pembeni karibu na mdomo. Pete hugongwa ndani ya duara. Bangili hugongwa upande wa ndani au kwenye kifungo, mkufu kwenye kijibati cha kifungo, na hereni kwenye kishikizo cha nyuma. Bruchi igeuze, utazame mgongo wote na msingi wa pini.

Lete tochi kutoka pembeni, karibu ilale juu ya chombo, usiimulike kutoka juu. Mwanga wa pembeni huingiza kivuli ndani ya kila mkwaruzo, na herufi ulizodhani zimefutika hujitokeza. Kisha toa pumzi ya mdomo juu ya chombo, kama mtu anayesafisha miwani, huku ukitazama kwa lenzi. Katika sekunde mbili tatu ambazo ukungu unakaa, mshono wa lehemu huonekana kama mstari wa rangi nyingine. Ukiona mstari umeizunguka alama kama fremu, simama hapo: huenda kipande chenye chapa kimekatwa kutoka kwenye chombo kingine na kupachikwa hapa. Pumzi hiyohiyo huonyesha mahali palipokuwa na herufi za mwenye mali zilizofutwa.

Hatua ya 2: Soma neno la ubora

Neno utakalokutana nalo zaidi ni "STERLING", yaani fedha sehemu 925 kati ya 1,000, zilizobaki kwa kawaida shaba. Tiffany & Co. wa New York walikuwa wametangulia kukishika kiwango hiki kufikia 1851, na Gorham wa Providence, Rhode Island, wakakifuata 1868. Baada ya hapo viwanda vikubwa vingine vikaingia mkondo huo. Kwa hiyo chombo cha Marekani chenye neno "STERLING" kwa sehemu kubwa ni cha nusu ya pili ya karne ya 19 au baadaye. Wapo wachache waliolitumia kabla, hasa Baltimore, lakini hao ni nadra.

Kabla ya hapo ilikuwa fedha ya sarafu. Mteja alimletea fundi sarafu zake, reale za Kihispania au dola, fundi akaziyeyusha na kumfulia vijiko. Hakuna sonara wa Pwani atakayeona ajabu hapo. Hata benki zilikuwa chache, na kijiko chenye jina lako kilikuwa rahisi kukitambua kikiibiwa kuliko mfuko wa sarafu. Kuanzia 1837 sarafu ya fedha ya Marekani ilikuwa na fedha sehemu 900 kati ya 1,000, na hicho ndicho kiwango tunachokiita cha sarafu. Utaona "COIN", "PURE COIN", "DOLLAR", "STANDARD", au herufi "C" au "D" peke yake. Mara nyingi zaidi hutaona neno lolote la ubora, jina la fundi tu.

Baltimore walikuwa na mazoea yao. Samuel Kirk, aliyefungua karakana 1815, aligonga "11 OZ", maana yake wakia 11 za fedha katika ratili ya wakia 12, sawa na takriban 917 kwa 1,000. Vipande vingine vina "10.15", yaani wakia 10 na penyweti 15 (penyweti 20 ni wakia moja), karibu 896. Mtu asiyejua hudhani huo ni uzito wa chombo.

Sasa maneno ambayo hayamaanishi fedha, na haya yashike kwa moyo: "EPNS", "QUADRUPLE PLATE", "TRIPLE PLATE", "A1", "SILVER SOLDERED", "NICKEL SILVER", "GERMAN SILVER". Manne ya kwanza ni ya vyombo vya kuchovya. Mawili ya mwisho hayana hata chembe ya fedha, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. "SILVER SOLDERED" hukutwa kwenye vyombo vya hoteli na reli, na fedha inayotajwa ni ile ya lehemu tu.

Kuna pia maneno ya kweli yanayohitaji kusomwa mpaka mwisho. Kinara cha mishumaa chenye "STERLING WEIGHTED", "REINFORCED" au "CEMENT FILLED" ni ganda jembamba la fedha lililojazwa saruji, lami au chuma. Ukikiweka kwenye mizani kikasoma gramu 600, usizidishe kwa bei ya fedha. Kisu chenye "STERLING HANDLE" kina mpini wa fedha ulio wazi ndani na ubapa wa chuma.

Hatua ya 3: Mtambue fundi

Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo penye mitego.

Vyombo vya kale zaidi vilivyofuliwa na walowezi wa Kiingereza vinatoka Boston. John Hull na mshirika wake Robert Sanderson waliendesha kiwanda cha sarafu cha Massachusetts kuanzia 1652, na vyombo vyao vina chapa mbili, "IH" na "RS". Usimtafute fundi anayeanza na I: zama hizo I na J ziliandikwa sawa. Kufikia karne ya 18 mafundi walianza kugonga jina la ukoo. Myer Myers, sonara Myahudi wa New York, aligonga "Myers" kwa mwandiko wa kuunganisha. Philip Syng wa Philadelphia, aliyefua 1752 kidau cha wino ambacho baadaye kilitumika kutia sahihi Tangazo la Uhuru, aligonga "PS".

Paul Revere, ambaye Wamarekani humkumbuka kwa safari yake ya usiku wa tarehe 18 Aprili 1775, alikuwa sonara kwa kazi. Alama yake ijulikanayo zaidi ni "REVERE" ndani ya mstatili, na alitumia pia "PR". Bakuli lake la 1768 la Wana wa Uhuru, kundi lililopinga utawala wa Uingereza, liko Makumbusho ya Sanaa ya Boston, na viwanda vimeiga umbo lake mara zisizohesabika. Bakuli lenye maneno "Paul Revere Reproduction" ni la karne ya 20. Na alama ya Revere mwenyewe imeghushiwa mno, kiasi kwamba mtu akikuonyesha kijiko cha "REVERE" nje ya makumbusho au mnada mkubwa, anza na shaka.

Kuna jina moja ninalopenda watu wetu walijue. Peter Bentzon alizaliwa mnamo 1783 kisiwani St. Thomas katika Karibi, wakati huo koloni la Denmark, mtoto huru mwenye asili ya Kiafrika upande wa mama. Alipelekwa Philadelphia angali mtoto, akajifunza usonara huko, kisha akafanya kazi Philadelphia na kisiwa jirani cha St. Croix kwa nyakati tofauti. Aligonga "PB" na "P. BENTZON". Mafundi weusi, watumwa na walio huru, walikuwa wengi katika karakana za Marekani, lakini kazi yao ilitoka na chapa ya mwenye karakana. Bentzon ni miongoni mwa wachache mno wa zama zake ambao chapa yao wenyewe imetambuliwa. Vyombo vyake ni adimu. Ukiwahi kukutana na jina hilo, usikiuze kwa uzito.

Jihadhari na herufi zilizochorwa kwa mkono. Kwenye kikombe au kijiko cha karne ya 18 utaona herufi tatu zilizopangwa pembetatu, moja juu na mbili chini. Hizo si za fundi. Ya juu ni herufi ya ukoo, na mbili za chini ni za majina ya mume na mke waliokimiliki. Chapa ya fundi imegongwa, ina uwanja wake uliozama na kingo. Herufi za mwenye mali zimechorwa kwa patasi, mstari wake unaanza mwembamba na kunenepa.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mafundi wengi wa Marekani waligonga alama zinazofanana na za Kiingereza: simba, kichwa cha mfalme, nyota, tai, herufi moja moja. Hazikuwa na mamlaka yoyote nyuma yake. Wateja walikuwa wamezoea kuona safu ya vialama kwenye fedha ya London, nao mafundi wakawapa. Njia ya kutofautisha ni kuuliza kama safu imekamilika. Fedha ya Uingereza ya zama hizo itakuwa na herufi za fundi, simba, alama ya mji, herufi ya mwaka, na kuanzia 1784 hadi 1890 kichwa cha mfalme au malkia kuonyesha ushuru umelipwa. Fedha ya Marekani itakosa kiungo mahali, au italeta tai ambaye Mwingereza hakuwa na sababu ya kumgonga.

Mfano unaowapoteza wengi ni wa Gorham: simba, nanga, na herufi G. Simba na nanga pamoja ni Birmingham, Uingereza, na G inaonekana kama herufi ya mwaka. Lakini nanga ni nembo ya Rhode Island, kilipokuwa kiwanda, na G ni Gorham. Tafuta neno "STERLING" karibu yake. Ofisi za Uingereza hazikuwa na haja ya kuliandika, simba wao alishasema.

Viwanda vingine vikubwa utavijua kwa picha zake. Reed & Barton wa Taunton, Massachusetts: tai, R ndani ya ngao, na simba. Wallace wa Wallingford, Connecticut: kichwa cha kulungu dume. Whiting: mnyama wa hadithi mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba, ameshika W. William B. Kerr wa Newark, New Jersey: ua la yungiyungi. Unger Brothers, wa Newark vilevile: U na B zilizosukwa pamoja.

Na jina refu lililoandikwa wazi si lazima liwe la aliyefua. "J. E. Caldwell" na "Bailey, Banks & Biddle" yalikuwa maduka ya vito ya Philadelphia, na "Black, Starr & Frost" la New York. Mara nyingi chombo kilifuliwa kiwandani kisha duka likagonga jina lake. Chunguza kando ya jina la duka, huenda ukaona kialama kidogo cha kiwanda kimejibanza pale.

Hatua ya 4: Upate mwaka, au angalau miongo

Gorham ndio wakarimu kuliko wote. Kuanzia 1868 waligonga herufi ya mwaka: A ni 1868, B ni 1869, na kuendelea mpaka Q ambayo ni 1884. Kuanzia 1885 wakabadili, kila mwaka ukapewa kipicha chake, mpaka 1933. Kwa hiyo birika lenye simba, nanga na G, pamoja na H pembeni, ni la 1875. Usichanganye herufi hii na namba ya mtindo, ambayo huwa tarakimu kadhaa.

Tiffany waligonga herufi ya kiongozi wa kampuni. T ni ya Charles L. Tiffany, 1891 hadi 1902. C ni ya Charles T. Cook, 1902 hadi 1907. Kabla ya T palikuwa na M ya Edward C. Moore, na baada ya C ikaja M nyingine ya John C. Moore, 1907 hadi 1947. M mbili hizi hazifanani kwa mwandiko, na namba za mtindo zilizo kando husaidia kuzitenganisha.

Pasipo msaada huo, umbo ndilo linalosema. Kijiko chenye ncha ya mpini iliyokatwa pembe kama jeneza ni cha miaka ya kuzunguka 1800, na ni umbo lililopendwa sana Marekani. Mpini wenye mabega, uliopanuka kama fidla, ulitawala kuanzia kama 1810 hadi katikati ya karne. Jina la fundi kwenye kijiko cha fidla bila neno "STERLING" linakuambia, mara nyingi, kwamba umeshika fedha ya sarafu.

Sheria nayo inatoa tarehe. Sheria ya Taifa ya Kugonga Chapa Dhahabu na Fedha ya 1906 ilifanya kosa kuuza kitu chenye neno la ubora lisilo la kweli. Marekebisho ya 1961 yakaongeza kwamba ukigonga neno la ubora lazima ugonge pia jina lako au nembo ya biashara. Ndiyo maana pete mpya yenye "925" peke yake, bila jina la mtu yeyote, inapaswa kukufanya uulize imetoka wapi. Wamarekani wa zamani waliandika neno "STERLING". Tarakimu 925 pekee ni mazoea ya bidhaa za nje na za miaka ya karibu. Ukiona tarakimu hiyo pamoja na neno "MEXICO" au tai mdogo mwenye namba kifuani, hiyo ni fedha ya Mexico, ambako tai alianza kugongwa 1948.

Hatua ya 5: Kipime kitu chenyewe

Anza na sumaku. Fedha haivutwi. Lakini shaba na nikeli-fedha nazo hazivutwi, kwa hiyo sumaku hukamata chuma tu na haithibitishi zaidi ya hapo.

Kipimo ninachokiamini nyumbani ni cha maji. Kinafaa kwa kitu kigumu kisicho na mawe, mashimo wala kujazwa. Pima kijiko kikavu, tuseme gramu 62.2. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri. Funga kijiko kwa uzi, ukizamishe chote bila kugusa chini wala ukuta wa bilauri, na upige bilauri kidole povu litoke. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa, tuseme 6.0. Gawanya 62.2 kwa 6.0, unapata 10.37. Sterlingi ni karibu 10.36, umefika. Kama mizani ingesoma 7.2, jibu lingekuwa 8.64, na hiyo ni nikeli-fedha iliyochovywa. Shaba nyekundu ni 8.96. Kipimo hiki hakitakutenganishia fedha ya 900 na ya 925, tofauti yao ni ndogo mno kwa mizani ya nyumbani, lakini halisi na ya kuchovya kinazitenga wazi.

Tindikali mwachie sonara. Dawa ya kupimia huwa na nitriki na kromiamu, ni sumu na inaunguza, na ili jibu liwe la kweli lazima chombo kikwaruzwe chini ya ngozi ya juu. Kwa chombo cha thamani nenda kwa mwenye mashine ya eksirei, inasoma madini bila kuacha doa, ingawa nayo husoma juu juu tu na inaweza kudanganywa na mchovyo mzito.

Thamani ya madini ipige hivi: gramu 62.2 gawanya kwa 31.1 ni wakia 2 za troi, mara 0.925 ni wakia 1.85 za fedha tupu. Hiyo ni sakafu ya bei. Kijiko cha fundi anayejulikana huuzwa juu ya hapo, wakati mwingine mara nyingi.

Vito: sheria ni zilezile, tabia ni tofauti

Kwenye vito nafasi ni ndogo, kwa hiyo alama hufupishwa, na dhahabu huingia. "14K" ni dhahabu sehemu 14 kati ya 24. "14KP" huwatisha watu wakidhani P ni ya kuchovya, kumbe maana yake ni kwamba karati zimetimia kamili. Ya kuogopa ni "GF", kama "1/20 12K GF": tabaka la dhahabu ya karati 12 lenye uzito wa moja ya ishirini ya kito kizima, limebanwa juu ya madini mengine. "RGP" na "HGE" nazo ni tabaka la dhahabu juu ya madini mengine, nyembamba zaidi.

Vito vya urembo visivyo vya madini ya thamani navyo vina watafutaji wake. Trifari, kiwanda cha vito hivyo, waligonga taji juu ya herufi T. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, madini ya kawaida yalipobanwa kwa ajili ya vita, wao na kiwanda kingine, Coro, walitengeneza bruchi za sterlingi zilizochovywa dhahabu, kwa hiyo neno "STERLING" kwenye kito cha aina hiyo mara nyingi hukurudisha miaka ya 1940. Alama ya © huanza kuonekana kwa wingi baada ya 1955, mahakama ilipokubali katika kesi ya Trifari kwamba usanifu wa vito hivi unalindwa na hakimiliki.

Wasanii wa karakana ndogo hawakutumia nembo, walitia sahihi. Art Smith, aliyezaliwa Cuba mwaka 1917 kwa wazazi Wajamaika na kukulia Brooklyn, alifungua duka Greenwich Village, New York, akifua vidani vikubwa vya shaba na fedha vinavyouzunguka mwili. Jina lake liko kwa mwandiko kama wa kalamu. Bangili zake ukiziangalia, mtu aliyezoea vito vya Kiafrika anaona kitu anachokifahamu.

Vito vya Wanavajo, Wazuni na Wahopi, wenyeji asilia wa kusini-magharibi mwa Marekani, vinahitaji adabu ya pekee. Wanavajo walianza kufua fedha karne ya 19, kwa dola za Marekani na peso za Mexico, na kazi za mwanzo karibu zote hazina alama. Kukosa chapa hapo si kasoro. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali iligonga "U.S. NAVAJO", "U.S. ZUNI" au "U.S. HOPI" pamoja na namba kwenye kazi zilizokaguliwa, na vipande hivyo ni vichache. Mafundi wa baadaye wana herufi zao, kama "KB" ya Kenneth Begay, na chama cha mafundi wa Kihopi kilitumia jua. Kwa upande mwingine, vito vya watalii vilitoka viwandani. Bell Trading Post ya Albuquerque, kwa mfano, iligonga kengele. Sheria ya 1990 inakataza kuuza kitu kwa madai ya uongo kwamba kimetengenezwa na wenyeji hao, na adhabu yake inafika kifungo. Kwa hiyo usione haya kumwomba muuzaji aandike kwenye risiti jina la fundi na kabila lake. Akikataa kuandika alichokitamka kwa mdomo, mrudishie kito chake.

Hatua ya 6: Linganisha, kisha andika

Picha ya alama ilinganishe na vipande vilivyo kwenye makumbusho, kwa sababu hivyo vimekaguliwa na wataalamu. Makumbusho ya Boston, Metropolitan ya New York, jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Yale na Winterthur ya Delaware yote yanaonyesha fedha zao mtandaoni bila malipo. Kwa Gorham, nenda makumbusho ya RISD, chuo cha usanifu cha Rhode Island, kule Providence. Linganisha umbo la uwanja wa chapa kabla ya herufi: ni mstatili, una kingo za mawimbi, una pembe zilizochongwa? Patasi ya chapa ni moja, ikiwa na ufa kwenye herufi R, ufa huo utauona kwenye kila kijiko ilichogonga. Chapa ya kughushi iliyomiminwa pamoja na chombo ina kingo laini kama sabuni iliyotumika, na vitundu vidogo ndani ya herufi.

Daftarini andika maneno yote kama yalivyogongwa, hata usiyoyaelewa, vipimo, uzito, mahali alama ilipo, ulikonunua na bei. Ambatisha picha mbili, moja ya chombo kizima na moja ya alama ikiwa na rula kando. Kama ni urithi, andika aliyekuachia na yeye alikipata kwa nani, maana habari hiyo haigongwi popote kwenye fedha.

Kisha kifunge kwa kitambaa cha pamba kisicho na rangi, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Usitumie mpira wa kufungia pesa, wala usikilaze juu ya mpira au sufu. Salfa iliyo ndani yake huichoma fedha, na huacha mstari mweusi ambao hata sonara hodari huutoa kwa shida.